Ng'ombe wa Bibi

Kila mwisho wa mwezi mnaniona nikiwasha gari langu na kushika barabara ya Namanga. Mkiniuliza naenda wapi, nawajibu naenda Bissil kumwangalia ng'ombe wa bibi. Hapo mnamgeukia mke wangu Naserian, naye anasema, "Si wangu," na mnacheka kwa sababu mnadhani nina bibi mwingine huko mbugani. Jumapili iliyopita, mkiwa mmekaa kwenye baraza langu mnakunywa chai yangu, mmoja wenu alisema niandike habari hii yote, maana nikiisimulia kwa mdomo huwa naishia mahali ambapo mimi ndiye shujaa. Nimeandika. Mahali ambapo mimi ndiye shujaa sikupaondoa, kwa sababu ni kweli.

Habari za pasipoti na mkataba naziruka. Jueni tu kwamba katika darasa letu lote la diploma ya majokofu na viyoyozi, mimi ndiye niliyeitwa Dar es Salaam, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mji ule una joto la kuyeyusha sabuni. Walihitaji mtu wa baridi, wakanipata.

Kitengela hadi Bissil

Niliondoka Kitengela asubuhi ya upepo, ule upepo wetu unaobeba vumbi la simiti kutoka Athi River na harufu ya mbuzi wa mnadani. Mama yangu, ambaye aliletwa huku kutoka Bungoma baba alipoandikwa kiwandani, alinifungia kuku mzima wa kukaanga na ugali wa wimbi. Akaniambia nisimfungue kuku kabla ya mpaka. Kuku yule hakufika hata Isinya.

Nilishuka Bissil kumuaga mke wangu. Wakati huo Naserian alikuwa kwa baba yake, mjamzito, tumbo limeshatokeza. Nilikuwa nimemwahidi kwamba mtoto wetu wa kwanza atazaliwa tukiwa chini ya paa letu wenyewe, si kwa mama yangu wala kwa baba yake. Mahari nilikuwa nimemaliza, ng'ombe wote, bila harambee. Kwa hiyo niliingia kwenye boma la mzee Parsimei kichwa juu.

Mzee alinikaribisha kwa chai ya maziwa tupu. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita mtu wa friji.

"Mtu wa friji," akasema, "nasikia unaenda kuuzia watu wa joto baridi."

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo ni akili. Uko na nyumba huko?"

"Nitapata, mzee."

"Nimeuliza uko na nyumba. Sijauliza kama utapata."

Nikamweleza kwamba kampuni ingenipa kitanda kwenye bweni la mafundi kwa mwezi wa kwanza, na kwamba mtu mwenye diploma hawezi kukosa mahali pa kuweka kichwa. Akasikiliza mpaka mwisho huku akichonga ufito kwa kisu.

"Kichwa chako, weka popote," akasema. "Msichana wangu hawezi lala kwa bweni ya wanaume. Ukipata nyumba, ita yeye. Ukikosa, rudi uchunge. Ng'ombe hawaulizi mtu diploma."

Naserian alinisindikiza mpaka barabarani. "Usimjali baba," akasema.

"Simjali."

"Mjali kidogo," akasema, na kunipa kibuyu kidogo cha maziwa lala aliyoyagandisha mwenyewe. "Tafuta nyumba."

Namanga hadi Arusha

Pale Namanga basi letu lilikaa kuliko lilivyotembea. Dereva alimaliza shughuli zake, abiria wote tukapanda, ikabaki nafasi ya mama mmoja aliyekuwa bado anabishana bei ya mkufu wa shanga. Tulimpigia honi, akatupungia mkono kama anayeagana na wageni. Ndipo wauza shanga wengine walipoona tumetulia kama ng'ombe zizini, wakaja madirishani.

Mmoja alinivalisha bangili kabla sijakubali. Nikamsalimia kwa Kimaa, "Takwenya," naye akaitikia, "Iko," halafu akacheka matamshi yangu.

"Wewe si mtu wa huku. Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu. Ni wa Bissil."

"Basi nunulia bibi."

Nikanunua. Naomba mkumbuke mazungumzo hayo. Upande huu wa mpaka nilisema bibi, na yule mama akajua mara moja ninamsema nani. Hatua chache mbele, nilipovuka, neno langu lilibadilika maana na hakuna afisa aliyenionya.

Somo la kwanza nililipata Arusha, kwenye mgahawa wa stendi. Nilikaa, nikamwambia msichana wa pale, "Leta chai na chapati mbili." Akanitazama. Akaenda akakaa. Baada ya muda nikarudia kwa sauti zaidi. Mzee mmoja wa meza ya jirani akaniinamia.

"Mkenya?"

"Ndiyo."

"Huku hatuamrishani, mwanangu. Sema naomba."

Nikaomba. Chai ikaja haraka, lakini ilikuwa ya rangi, nyeusi kama mafuta ya injini. Nikauliza maziwa yako wapi. Msichana akasema, "Hukuomba maziwa." Nikakubali kwamba alikuwa amenishinda, nikaitia kwenye tumbo moja na maziwa lala ya Naserian, nikalala vizuri.

Arusha hadi Mombo

Safari ya Arusha hadi Dar ilikuwa ya siku nzima, kuanzia alfajiri. Tulipita Moshi mlima ukiwa umejifunika mawingu, tukapita Same penye upepo uliofanana na wa nyumbani. Tulipokaribia Mombo, basi lilitoa sauti kama sufuria iliyoanguka, likainama upande mmoja. Springi. Kondakta akatuambia tungoje kidogo. Mama aliyekaa nyuma yangu, mwenye uzoefu wa njia hiyo, akavua viatu na kutandika khanga chini ya mkonge, nikajua "kidogo" hiyo ni ya namna gani.

Nilitembea mpaka kwenye duka la kando ya barabara kununua soda. Friji lilikuwepo, kubwa, limebandikwa picha za vinywaji, na soda zilizotoka ndani yake zilikuwa na joto la mkojo. Mwenye duka, mama mnene mcheshi, akasema gesi imekwisha, na fundi wa Korogwe ameshakula pesa yake mara mbili kwa kuijaza.

"Mama, gesi haijaisha," nikamwambia. "Naomba nilitazame."

Mnaona nilishajifunza kuomba. Nilivuta friji kutoka ukutani. Mabomba ya nyuma yalikuwa yamevaa koti la vumbi na utando wa buibui, na friji lenyewe lilikuwa limebanwa ukutani halina pa kupumulia. Nikaomba brashi ya kuoshea chupa, nikasafisha bomba hadi bomba, nikakaza mpira wa mlango, nikaacha nafasi ya shubiri mbili kutoka ukutani. Basi lilipopona, soda zilikuwa zinatoa jasho. Abiria wote walinunua. Mama yule hakuamini kwamba sikuweka chochote.

"Umesoma wapi wewe?" akauliza.

Nilimweleza kirefu. Swali hilo mtu asiniulize kama ana haraka.

Akakataa nilipie soda, akanikatia kipande cha boksi na kuniandikia jinsi ya kumpata shemeji yake wa Dar, dalali wa nyumba aitwaye Rajabu, ambaye hushinda chini ya kibao cha kinyozi pale Sinza. "Mwambie umenipozea soda," akasema. Wenzangu waliingia Dar na mizigo tu. Mimi niliingia na dalali.

Dar es Salaam: nyumba na chumba

Rajabu alikuwa mwembamba, na alitembea kwa kasi kana kwamba nyumba zingehama kabla hatujafika. Alinipokea vizuri. "Unatafuta nini, kaka?"

"Nataka nyumba. Naomba nyumba," nikajirekebisha.

"Nyumba?"

"Nyumba. Ya kawaida tu."

Siku ya kwanza akanipeleka Mikocheni, kwenye geti la chuma lenye mlinzi na mbwa wawili. Bustani yake ingetosha kulisha mbuzi wa Kitengela nzima. Nikadhani tumekuja kumsalimia mtu. Siku ya pili akanipeleka kwenye nyumba ya vyumba vinne yenye gereji. Hapo ndipo nilipomuuliza kama ananiona mimi ni balozi.

"Si umesema nyumba?" akasema, naye amekasirika. "Nimetembea jua lote hili nikijua nina tajiri."

Kwetu hapa, mnajua, hata mtu akipanga kachumba kamoja nyuma ya baa, anasema yuko na nyumba. Kule nyumba ni nyumba, na chumba ni chumba. Tulipoelewana, Rajabu aliketi juu ya jiwe akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaniambia, "Kuanzia leo, kaka, ukitaka kusema neno niambie kwanza mimi." Ningemsikiliza zaidi, lakini mtu aliyefaulu Kiswahili shuleni hachukui mkalimani wa Kiswahili.

Vyumba tulivyoona baada ya hapo vilikuwa vingi na nilinyimwa kwa sababu mbalimbali. Mzee mmoja wa Mwananyamala alinifungia mlango kwa kuwa nilimwambia "Habari yako" badala ya kumwamkia. Rajabu akanifunza shikamoo. Nikaishika vizuri kupita kiasi, nikamwamkia mama mwenye nyumba wa Kijitonyama aliyekuwa anasuka nywele, kumbe tunalingana umri. Akasimama na kitana kichwani. "Shikamoo ya nini? Nimekuzaa mimi?" Tukaondoka. Kwingine kote jibu lilikuwa moja: hatutaki kapera. Nikisema mimi si kapera, wanauliza, mke yuko wapi? Yuko Kenya. Wanatazamana.

Mwezi wangu wa bweni ulikuwa unayoyoma. Kazini nilikuwa nang'ara, hilo halina mjadala. Viyoyozi vilivyowashinda wengine nilivifufua. Lakini jioni nikilala kitanda cha juu, chini yangu fundi wa Mtwara akikoroma, nilikuwa namsikia mzee Parsimei akichonga ufito wake.

Sinza: maswali ya Mama Nyemo

Ndipo Rajabu akanipeleka kwa Mama Nyemo. Alikuwa mjane, Mgogo wa Kongwa, anauza mkaa wa jumla, na nyumba yake ya Sinza ilikuwa na uwanja uliofagiliwa mpaka ukaonyesha mistari. Chumba kilichokuwa wazi kilikuwa kizuri, madirisha mawili, kikitazamana na mlango wa mama yake mzazi, kikongwe aitwaye Bibi Sechelela, ambaye siku hiyo alikuwa amelala. Nilimwamkia Mama Nyemo, umri safari hii nikaupatia. Akaridhika.

"Sipangishi makapera," akasema.

"Mimi si kapera, mama. Nitakaa na bibi yangu."

Uso wake ukafunguka wote. "Na bibi yako? Unamleta mwenyewe, kutoka Kenya?"

"Mwenyewe. Siwezi kumwacha kule peke yake, na hali yake."

"Ana hali gani?"

Kwetu mtu hatangazi mimba kwa mgeni. Nikajibu kwa adabu. "Ni mzito kidogo siku hizi."

"Pole yake. Anatembea?"

"Anatembea, lakini polepole. Mgongo unamsumbua. Na miguu inavimba jioni."

"Ndivyo inavyokuwa," akasema Mama Nyemo kwa huruma. "Chakula?"

"Anachagua. Na usiku anaamka kila mara kwenda nje."

"Kama mama yangu kabisa. Sasa hivi nani anamwangalia?"

"Baba yake."

Mama Nyemo akaweka mkono kifuani. "Baba yake yupo?"

"Yupo, mama. Ana nguvu. Anachunga ng'ombe mpaka leo."

"Ni watu gani nyie?"

"Yeye ni Mmasai."

"Haa," akasema, kana kwamba nimemjibu swali gumu. "Ndiyo maana. Maziwa yale."

Nilidhani watu wa Dar ni wadadisi tu. Niliona pia kwamba wanawajali sana wajawazito, nikawasifu moyoni. Mama Nyemo alikuwa tayari ameahidi chumba kile kwa mtu mwingine. Akamwambia Rajabu, mbele yangu, amtafutie huyo mtu kwingine. "Kijana anayembeba bibi yake kutoka Kenya hadi hapa, huyo ndiye mpangaji. Na mama yangu atapata mwenzake wa kuzungumza. Rafiki zake wote wamekufa."

Sentensi hiyo ya mwisho niliisikia. Nikaona ni jambo jema, Naserian ana mdomo, atazungumza na yeyote.

Nilihamia. Kila nilipotoka kazini nilikuta Mama Nyemo ameongeza kitu chumbani. Kitanda changu alikibadilisha akaleta kifupi, kisichohitaji mtu ainue mguu kupanda. Ukutani njiani kuelekea choo alipigilia ubao wa kujishikia. Akaleta ndoo yenye mfuniko, kigoda, na mwishoni fimbo nyeusi iliyong'aa, iliyokuwa ya marehemu baba yake. Fimbo ilinitatiza kidogo. Halafu nikakumbuka nilimwambia ni Mmasai, nikajua ni heshima kwa kabila.

Siku hiyohiyo nilienda kibanda cha simu, nikapiga duka la Bissil, nikamwachia mwenye duka ujumbe: mwambie mzee Parsimei, mtu wa friji amepata nyumba. Nilisema nyumba kwa makusudi.

Ubungo hadi mlangoni

Naserian alifika Ubungo alasiri, amechoka, miguu imejaa kwenye viatu, amejifunga shuka lake jekundu na amekumbatia kibuyu kama mtoto. Basi lao lilikuwa limepata pancha Chalinze. Kondakta alikuwa amemwita "dada mzito" njia nzima, akampa kiti cha mbele. Nikamvalisha bangili ya Namanga. Akauliza swali moja tu.

"Ni nyumba ama ni maneno?"

"Ni nyumba. Na mama mwenye nyumba anakupenda hata hajakuona. Amekuwekea mpaka fimbo."

"Fimbo ya nini?"

"Heshima."

Nilikodi teksi, mimi si mtu wa kumleta mke wangu kwa miguu. Tulipofika, Mama Nyemo na wapangaji wote wanawake walikuwa wamejipanga uwanjani. Wameshika khanga mpya. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na juu yake amekaa Bibi Sechelela, ameoga, amepakwa mafuta, kitambaa cheupe kichwani. Tangu asubuhi alikuwa anauliza kama mwenzake amefika.

Naserian akashuka. Wanawake wakampita wakaenda kuchungulia ndani ya teksi. Mama Nyemo akazunguka mlango wa pili, akachungulia huko pia. Dereva akamuuliza amepoteza nini.

"Bibi yuko wapi?" akaniuliza.

"Huyu hapa."

"Huyu ni nani?"

"Bibi yangu. Naserian."

Mmoja wa wapangaji akaanza kucheka, akajizuia kwa khanga.

"Huyu ni binti," akasema Mama Nyemo. "Nimekuuliza mara ngapi? Ulisema bibi. Ulisema mgongo, miguu. Ulisema baba yake bado yupo, nikamsimulia mchungaji kanisani!"

"Mama, bibi kwetu ni mke."

"Bibi ni mama wa mama yako! Bibi ni yule pale!" Akamwonyesha mama yake. "Nimemnyima mtu chumba kwa ajili yako. Nimemwogesha mama yangu namwambia leo unapata mwenzako. Sasa nimwambie nini? Umenitafutia maneno ili upate chumba."

Nilijaribu kueleza. Nilitaja Kenya, nikataja shule, nikataja hata diploma. Kila neno lilinizamisha. Naserian alikuwa amesimama kati yetu ameshika kibuyu chake, na alielewa kabla yangu kinachoendelea. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama mlango wa chumba kile, na nikajua anachofikiria: barabara yote ile ya kurudi, na ufito wa baba yake.

"Mtalala leo," akasema Mama Nyemo, sauti imeshuka. "Mimba yake isilale nje. Kesho mtatafuta kwingine."

Naserian akampita, akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti taratibu kwa uzito wake, akainamisha kichwa mbele ya kile kikongwe jinsi alivyolelewa.

"Koko, takwenya."

Kwa Kimaa, koko ni bibi. Bibi wa kweli.

Bibi Sechelela aliweka mkono juu ya kile kichwa. Kisha akaitikia, sawasawa, kama mtu aliyezaliwa Kajiado:

"Iko."

Sote tuligeuka. Mama Nyemo akasema, "Mama?"

"Mmasai," akasema yule kikongwe. "Wa Kiteto, jirani na kwetu?"

"Wa Bissil, Koko. Kenya."

"Kote kwenu. Nyie mlikuwa mnatembea tu." Akamshika Naserian kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Babu yangu alikuwa na zizi Kongwa. Mkaja mkachukua ng'ombe wote. Mkabakiza ndama mmoja, kilema."

"Koko, mimi sikuwepo."

"Kila mwizi husema hivyo."

"Na hata ningekuwepo," akasema Naserian, "Mungu alitupa sisi ng'ombe wote wa dunia. Babu yako alikuwa anatuchungia tu."

Wanawake walishika vinywa. Bibi Sechelela alitikisika mabega, tukadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko kilichokuwa hakijatoka siku nyingi. Alicheka mpaka kitambaa cheupe kikamwanguka.

"Mama," Mama Nyemo akasema polepole, "hawa wanaondoka kesho."

"Nani aondoke?" Kikongwe alikaza mkono wake kwenye mkono wa Naserian, ule wenye bangili. "Mwizi tumemtafuta tangu babu. Leo kaingia mwenyewe uwanjani kwangu, wewe unamfungulia mlango atoke? Haondoki hapa mpaka ng'ombe wa babu yangu warudi."

Mama Nyemo alinitazama kwa muda. Halafu akamtazama mama yake, ambaye alikuwa bado anacheka, ameshamnyang'anya Naserian kibuyu na kukinusa. "Maziwa lala," kikongwe akasema. "Dar nzima hakuna mtu anayejua kutengeneza hii."

"Mzigo wenu uingizeni ndani," Mama Nyemo akasema. "Na wewe, Mkenya, ukitaka kusema tena neno katika nyumba hii, muulize kwanza Rajabu."

Kurudi

Hatukuhama tena. Binti yetu alizaliwa, na kutoka hospitali alikuja moja kwa moja chini ya paa letu, chumba chenye madirisha mawili, kama nilivyoahidi. Kitanda kile kifupi kilimfaa sana Naserian, na ile fimbo aliitumia miezi ya mwisho. Jina la mtoto alilitoa kikongwe bila kuulizwa. Akasema ataitwa Sechelela, maana yake furahi, na hakuna aliyebisha. Kila asubuhi Naserian alimpeleka mtoto ng'ambo ya uwanja, wakakaa wote watatu mkekani, na matusi ya wizi wa ng'ombe yalianza kabla ya chai. Mtu mgeni angedhani wanagombana. Mama Nyemo aliniambia siku moja mama yake ameanza kuomba chakula.

Mimi nilipanda cheo mpaka nikawa mkuu wa mafundi, kisha nikaamua imetosha, nikarudi kujenga hapa Kitengela hii nyumba ya mawe mnayoiona, bila mkopo. Siku tulipoaga, Bibi Sechelela alinikabidhi ile fimbo nyeusi. "Mpelekee baba wa mwizi," akasema. "Mwambie bado nangoja."

Nilishuka Bissil, sasa kwa gari langu mwenyewe. Mzee Parsimei aliipokea fimbo, akaipitisha mkononi kutoka juu hadi chini, akauliza imetoka wapi. Nikamsimulia yote, tangu bibi mpaka zizi la Kongwa. Hakucheka. Alisimama, akaenda mpaka katikati ya ng'ombe wake, akagusa mtamba mmoja mwekundu kwa ncha ya fimbo.

"Kongwa babu yangu alifika," akasema. "Huyu ni wa huyo mama. Lakini Dar hakuna nyasi. Atakaa hapa."

"Na nani atakuwa anamwangalia, mzee?"

"Wewe. Huyo mama si unamwita bibi?"

Mtamba ameshakuwa ng'ombe, na mwaka huu amezaa jike. Naenda kila mwisho wa mwezi, nawaangalia kupe, nawapa chumvi, halafu napanda juu ya kilima mahali simu inaposhika, nampigia Mama Nyemo, naye anaweka simu kwenye sikio la mama yake. Juzi nilimwambia wamekuwa wawili. Akasema, "Bado wengine," akakata.

Basi ndiye huyo ng'ombe wa bibi. Mzee Parsimei aliniambia nikikosa nyumba nirudi nichunge. Nyumba nilipata, tena mbili, na kuchunga ninachunga.